Riwaya Inanishukuru kwa Mlango Nisioufungua

Mama Huguette,

Nimekusoma gazetini miaka mingi nikicheka matatizo ya wenzangu, leo zamu imenifikia, kwa hiyo nakuomba univumilie hata kama barua hii ni ndefu, maana nimejaribu kuifupisha mara tatu na kila nikifupisha naona nimeanza kudanganya.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, jina langu ni Mianda, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kolwezi, na alasiri nasimamia maktaba ya parokia yetu, chumba kimoja chenye rafu sita na feni isiyozunguka, na kila Jumamosi saa nne asubuhi redio ya parokia inanipa dakika ishirini nipendekeze kitabu kimoja kwa wasikilizaji, na usidhani hawasikilizi, kwani madereva wa malori wananipigia kutoka Fungurume kuuliza kitabu fulani kinapatikana wapi, na mama mmoja muuza sombe, majani ya muhogo, sokoni huwa ananisimamisha njiani kunigombeza kwamba cha juma lile kilikuwa cha huzuni mno.

Miezi mitatu iliyopita nilipokea kifurushi kutoka Kananga, kule Kasai, ndani mna riwaya mpya, ya kwanza ya mwandishi wake, inaitwa Treni Haina Saa, imeandikwa kwa Kifaransa lakini watu wake wakifungua kinywa wanasema Kiswahili chetu cha hapa, na jina la mwandishi ni Ndaya Tshimanga. Nililisoma jina lile nikakaa chini sakafuni katikati ya rafu, mimi mtu mzima.

Ndaya tulikalia benchi moja shuleni miaka sita. Nyumba zetu katika kambi ya wafanyakazi ziligusana ukuta, baba yake Tata Tshimanga na baba yangu Tata Kisimba walifanya kazi karakana moja, na mama yangu alipofariki nikiwa na miaka kumi na mmoja, aliyenisuka nywele kila Jumapili kabla ya misa alikuwa mama yake Ndaya, Mama Mbelu, ambaye alikuwa na vidole vigumu na hakuacha kuimba akisuka, na ukilia kwamba anavuta sana alikuwa anaongeza kuvuta.

Wewe ni mtu wa Lubumbashi, unajua yaliyotokea mwaka 1993, lakini niandike kwa ajili ya vijana wasiojua. Kazi zilikuwa zinakufa, mgodi mkubwa ulikuwa umeporomoka, mishahara inakuja mwezi mmoja na kukosa miwili, watu wakaanza kutafuta wa kulaumu, na wakubwa wakapanda majukwaani kutuonyesha: ni watu wa Kasai, waliletwa na Wabelgiji, wamekula nafasi zenu, warudi kwao. Wakawaita bilulu, wadudu. Ndaya alizaliwa hospitali ileile niliyozaliwa mimi, Kasai alikuwa anaijua kwenye ramani ya darasani tu, lakini asubuhi moja ya mwezi Machi vijana wenye fimbo walisimama uani kwao na kuwapa muda wa kufunga godoro, sufuria na picha ya harusi, wakaenda kukaa pale gare, stesheni ya treni, pamoja na maelfu ya wengine kungoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini.

Siku ile, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alinikalisha na kuniambia, nakumbuka hata shati alilovaa, "Mutu akibisha, usifungule. Hata kama unajua sauti yake. Ukifungula, kesho njo sisi tutaitwa bilulu." Kisha akaenda kazini, na akaendelea kwenda kila siku, akiniachia ufunguo ndani.

Juma la tatu, saa tisa mchana, mtu akabisha.

"Mianda, mwana wangu, ni mi, Mama Mbelu. Hakuna batu mu avenue. Nipatie tu mayi ya kuchemusha na chumvi kidogo, Tatiana anahara tangu juzi."

Tatiana ni mdogo wake Ndaya, alikuwa na miaka miwili. Nilisogeza pazia kidogo nikaona yuko mgongoni, kichwa kimelala upande mmoja, na Mama Mbelu ameshika bidoni tupu ya njano ya kutekea maji. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, Mama Huguette. Sikuutafuta, haukupotea, ulikuwa mkononi mwangu na nilikuwa nimeushika kwa nguvu hadi ukaniachia alama.

"Mianda, minajua uko mule ndani."

Akangoja. Hakupiga kelele, hakulaani, alibisha tena mara moja taratibu kama mtu anayeaga, kisha nikasikia kandambili zake zikienda. Jioni nilimwambia baba kwamba kuna aliyebisha na sikufungua. Akasema, "Umefanya muzuri," na tulipokula bukari, ugali wetu, akanipa kipande cha samaki kikubwa kuliko chake, nami nikakila chote.

Sasa nikwambie habari ya kitabu, kwa sababu ndiyo shida yenyewe. Ni kizuri. Sisemi hivyo kwa kuwa namjua mwandishi. Vitabu vingi vinavyoutaja mji wetu vinauona kama shimo lenye shaba ndani, lakini Ndaya ameandika mji: king'ora cha zamu kinachowaamsha hata waliofukuzwa kazi, vumbi jekundu juu ya magauni meupe ya komunyo, wanaume wanaopiga pasi nguo za kazi wakati kazi yenyewe haipo. Sehemu ya gare ina kurasa sitini na hakuna anayehubiri ndani yake, kuna tu watu wanaopika, wanaozaa, wanaogombania kivuli cha behewa, na mzee mmoja anayenyoa ndevu kila asubuhi kwa sababu treni inaweza kufika leo. Nilikisoma kwa siku mbili na nilicheka mara nyingi kuliko nilivyolia, jambo ambalo sikulitegemea.

Nikafika ukurasa wa mia na kumi na mbili. Pale mama wa msimulizi anarudi kwenye avenue yao ya zamani, anabisha kwa jirani, na msichana jirani anafungua. Anamwingiza kwa haraka, anachemsha maji, anatia chumvi na sukari, anajaza bidoni, na mtoto mgonjwa anapona. Msichana huyo katika kitabu anaitwa Mianda. Ndaya hakubadilisha hata jina. Nikarudi mwanzo nikaona kitu nilichokuwa nimekipita, ukurasa mweupe wenye mstari mmoja tu: "Kwa Mianda, aliyefungua."

Ndani ya kifurushi kulikuwa na barua fupi, Ndaya akisema kwamba Tatiana leo ni muuguzi, ana watoto wawili, na kwamba wamekua wakiniombea nyumbani kwao kila Krismasi. Mama Huguette, unajua nilijibu nini? Nilimtumia ujumbe: "Hongera sana, dada, Mungu akubariki." Basi.

Kuanzia hapo mambo yamenitoka mikononi. Barnabé, anayeongoza redio yetu, alikisoma akaja maktaba mbio, "Ni wewe huyu? Na ulikuwa umenyamaza miaka yote hii?" Akaamua kwamba Ndaya aalikwe, kitabu kizinduliwe katika ukumbi wa parokia, na mimi ndiye nikipendekeze mbele ya watu, redio ikirusha moja kwa moja. Ndaya amekubali, atafika baada ya majuma matano. Mama Mbelu bado yu hai, ana miaka sitini na minane, miguu haimruhusu kusafiri, lakini amenitumia salamu, na salamu hizo ndizo zinazoninyima raha, maana amesema, "Musalimie binti yangu Mianda." Ukimtoa baba, yeye ndiye mtu mmoja duniani anayejua kwamba sikufungua. Ananidhihaki? Amesahau? Ananipima?

Na baba. Baba hasomi Kifaransa, lakini anatembea na nakala ya kitabu kwapani hadi kanisani, na kila anayekutana naye anamwomba amsomee ukurasa wa mia na kumi na mbili. Juma lililopita nilimwambia, "Tata, unajua sikufungua. Nilikuambia jioni ileile." Akakunja kipaji, akasema, "Kitabu inatupatia heshima, na wee unatafuta haya? Pengine ulifungula, ukasahabu." Alisema kwa upole kabisa. Nilitamani angenifokea.

Nimefikiria kusema naumwa siku hiyo. Nimefikiria kupendekeza kitabu kingine Jumamosi zote hadi watu wakisahau hiki. Nimefikiria kusimama ukumbini na kulia mbele ya wote ili yaishe. Najiuliza pia kama ninao uhusiano wowote na ukweli huu kwa sasa, kwa sababu kitabu ni hadithi, na mwandishi ana ruhusa ya kubuni, na labda mimi ninayebishana na hadithi ndiye mwenye kasoro. Nisaidie. Nifanye nini na kitabu kizuri kinachonisifu kwa uongo?

Mianda, Kolwezi

*

Mianda,

Nimekusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Jibu hili nalituma kwako kwanza. Gazetini halitatoka kabla hujaongea na Ndaya, kwa hiyo usitafute kisingizio hapo.

Nitaanza na kukukemea, kwa sababu pole ikitangulia hutasikia yanayofuata.

Barua yako ina kurasa tano na kitabu umekipa aya moja. Aya hiyo moja imenifanya nitume mtu akaninunulie! Huyo mzee anayenyoa ndevu akingoja treni nimemwona kwa macho yangu, nami sijashika kitabu bado. Hiyo ndiyo kazi uliyopewa na mji wako, nawe unataka kuitupa kwa sababu ukurasa mmoja kati ya mamia unakuwasha. Dada yako wa benchi moja ameandika riwaya yake ya kwanza. Amekaa miaka mingapi akiiandika, unajua? Umemuuliza? Ulimtumia maneno matano ya kadi ya sikukuu.

Sasa pole yangu, na ni ya kweli. Mtoto wa miaka kumi na miwili, mama yake kaburini, baba yake kamwambia hivi, vijana wenye fimbo wanapita barabarani: huyo mtoto simlaumu, na ninakuomba uache kumpiga. Hofu ile hukuitunga wewe. Ilitungwa na watu wazima wenye vipaza sauti, na wengi wao wamezeeka salama. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tisa wakati ule, nilikuwa na nyumba yangu na ufunguo wangu, na sitakwambia niliufanyia nini. Nakwambia tu kwamba walio na umri wangu wakikuhukumu, waulize walikuwa wapi.

Lakini "Hongera sana, dada" haikuandikwa na mtoto. Iliandikwa na mwalimu wa miaka thelathini na minane mwenye akili timamu. Mlango wa mwaka ule una maelezo yake. Ujumbe ule hauna.

Unaniuliza kama hadithi haina ruhusa ya kubuni. Inayo. Ndaya akitaka kuandika kwamba ulifungua, kwamba ulikuwa na mabawa, ni haki yake. Lakini ule ukurasa mweupe wa mwanzo si hadithi, Mianda. Pale mwandishi ameweka chini hadithi yake na kusema na mtu aliye hai. Amekushukuru wewe, si msichana wa kitabuni, na anaombea mtu kila Krismasi akidhani ni wewe.

Na hapa kuna kitu ambacho hukukiona kwa sababu ulikuwa unajitazama. Tatiana yu hai. Umeniandikia mwenyewe: muuguzi, watoto wawili. Mtoto wa miaka miwili anayehara siku tatu pale gare hakupona kwa hewa. Maji yale yalichemshwa na mtu. Kama si wewe, basi kuna mwingine aliyefungua katika mji huohuo, juma hilohilo, na hofu ileile. Jina lake haliko mahali popote. Wewe unaumia kwa kusifiwa, vizuri, lakini umejiuliza hata mara moja ni nani aliyenyimwa sifa hiyo?

Sikiliza nitakachokwambia.

Mpigie Ndaya juma hili. Kwa sauti, si kwa maandishi. Sema kwa maneno machache: mama yako alibisha, nilikuwa ndani, ufunguo nilikuwa nao, sikufungua. Kisha nyamaza. Usieleze habari ya baba yako asipouliza. Usilie kabla yake, utamlazimisha akubembeleze. Na usimwombe msamaha kwenye simu hiyohiyo kana kwamba unangoja chenji dirishani. Mwachie muda wake. Kama atataka kumuuliza mama yake, yeye ndiye atakayemuuliza, si wewe.

Usiende kulipuka ukumbini. Uzinduzi ni wake. Ukitubu pale bila yeye kujua, utakuwa umemnyang'anya siku yake ili wewe ulale vizuri. Akikubali useme, utasema. Akikataa, utafunga mdomo na utapendekeza kitabu kama ulivyonipendekezea mimi, na toba yako utaipeleka kwa padri.

Baba yako mwambie unachokwenda kufanya. Mwambie, usimwombe ruhusa. Amekuwa akijificha nyuma ya kitabu hicho kama wewe, ila yeye ni mzee na amekitembeza juani. Usimwaibishe, lakini usimsaidie tena kusahau.

Na siku ile ukisimama, anza na riwaya. Waambie juu ya king'ora, magauni meupe, kivuli cha behewa. Waambie wanunue. Watu wa Kolwezi wamengoja muda mrefu kusoma mji wao ukiandikwa na mtu aliyeupenda na akafukuzwa, na hawatakuwa na mtu mwingine wa kuwafungulia kurasa hizo wiki hiyo ila wewe. Yako wewe yachukue dakika mbili mwishoni. Zikizidi mbili, kaa chini.

Mama Huguette

*

Mama Huguette,

Unaweza kuchapa barua zote na kuyaacha majina yetu kama yalivyo, Ndaya amekubali na mimi nimekubali.

Nilimpigia siku ya pili baada ya kupokea jibu lako, saa moja asubuhi kabla sijaenda kufundisha. Nilisema kama ulivyoniagiza. Kisha akauliza jambo lilelile uliloniuliza wewe.

"Basi nani alitupatia mayi?"

Nikamwambia sijui. Akakata simu bila kuaga.

Siku nne hakupiga. Ya tano akapiga, sauti imekauka. Alimuuliza mama yake. Alisema Mama Mbelu kwanza alicheka, halafu akajifunika uso kwa kitenge. Alipotoka mlangoni kwetu siku ile alikuwa ameanza kurudi gare, na kwenye avenue ya pili mwanamke mmoja aliyekuwa anaanua nguo alimwona, akamwita kwa mkono apitie jikoni. Aliitwa Mama Jocelyne Kalombo. Alikuwa mama wa mmoja wa vijana walewale wenye fimbo. Alichemsha maji, akatia chumvi na sukari, akajaza bidoni, akampa na kanga ya kumfunika mtoto, na alipokuwa anamtoa akamshika mkono, "Usitaye jina yangu ku mutu. Mwana wangu akijua, nitakufa mi."

Mama Mbelu alishika ahadi. Lakini aliporudi gare watoto walimzunguka wakiuliza nani ametoa, na akalazimika kusema jina. Ndaya alimuuliza kwa nini alitaja langu, la mtu aliyemfungia. Mama yake alimjibu, "Ulikuwa unalia kila siku, Mianda, Mianda. Njo nikakupatia Mianda yako."

Ndaya aliponieleza hayo alilia, na mimi nililia, na sikujua kila mmoja wetu analilia nini. Kisha akaniambia wazi kwamba ana hasira na mimi. Si ya mwaka ule. "Ni ya hii miezi mitatu," alisema. "Ungeniacha nisimame mbele ya batu, nikushukuru, na ungenyamaza." Nikasema ndiyo, nadhani ningenyamaza. Alisema afadhali nimesema hivyo. Akasema riwaya haibadilishi, mlango wa kitabuni utabaki wazi kwa sababu mama yake ndivyo alivyowalea, lakini nikitaka kusema ukumbini niseme, na jina la Mama Jocelyne litajwe, kwa kuwa amefariki miaka mingi na hakuna tena wa kumdhuru.

Baba nilimwambia mezani. Alisikiliza hadi mwisho, akaosha mikono, akaingia chumbani. Asubuhi nilikuta kitabu juu ya meza ya jikoni. Hakukigusa tena.

Ukumbi ulijaa, watu walisimama hadi nje kwenye ngazi. Ndaya amekuwa mwanamke mrefu mwenye miwani, alinipa mkono, hakunikumbatia, na nilishukuru kwamba hakuigiza. Nikasimama nikapendekeza kitabu. Nilisoma kwa sauti sehemu ya yule mzee wa ndevu, watu wakacheka, kisha pole pole kicheko kikaisha chenyewe, na nikaona wanaume watu wazima wakitazama sakafu. Niliwaambia hiki ndicho kitabu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupendekeza hapa, na kwamba msiposoma kwa ajili ya yaliyotokea, someni kwa raha ya kuusikia mji wenu ukiongea. Mwishoni nikasema ukurasa wa mia na kumi na mbili mwandishi alinipendelea bila kujua. Nikasema nilichofanya, nikasema Mama Jocelyne Kalombo ndiye aliyechemsha maji, nikakaa. Sikuzidi dakika mbili.

Hakuna aliyepiga makofi. Barnabé akashika kipaza sauti akauliza kama kuna maswali, na nyuma kabisa, karibu na mlango, mtu akanyanyua mkono. Alikuwa baba. Sikujua kwamba amekuja. Alivaa koti lake la misa, alisimama kwa kushika kiti cha mbele yake, na Barnabé akampelekea kipaza sauti akidhani ni swali.

"Mi njo nilimukatalia kufungula," baba alisema. "Ye alikuwa mutoto, alisikia neno ya baba yake. Tshimanga alikuwa mwenzangu wa kazi miaka kumi na ine. Muandike ile pia."

Akabaki amesimama, hakujua ampe nani kipaza sauti. Ukumbi wote ulikuwa unamtazama Ndaya. Ndaya naye alimtazama baba, na niliogopa atainuka aondoke, jambo ambalo lingekuwa haki yake. Badala yake alivuta mkoba wake, akatoa daftari, akalifungua juu ya magoti.

"Tata," alisema, "jina yako yote ni nani? Taya polepole."

Baba akaanza kulitaja, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, na Ndaya akaandika.

Mianda